Ushauri: Nimepata Land Rover 109 ya zamani mtandaoni, kuhamisha umiliki TRA inakuwaje?

Kijana wa Ubungo
Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri wa haraka maana nimekaliwa kooni. Kuna Land Rover 109 Series III ya 1976, petroli, nimeiona kwenye kundi la kuuza magari mtandaoni, ipo upande wa Same, jamaa anataka milioni 9 na wapo wengine wanampigia simu. Imelala muda, ipo juu ya mawe kama mnavyoona kwenye picha niliyoweka, ila bodi imenyooka na injini ni yake ileile. Tangu nione zile Land Rover zilivyojipanga Arusha kwenye tamasha la 2024 silali vizuri, na mimi nataka yangu. Swali langu ni moja tu, kuhamisha umiliki TRA ni shilingi ngapi na inachukua muda gani? Nawasilisha.

Mama Junior
Mdogo wangu milioni 9 si unapata kiwanja huko pembezoni na tofali za kuanzia. Wanaume mna nini na vyuma chakavu jamani. Hilo dude litakunywa petroli mpaka ulikimbie mwenyewe.

Pangani Line
Nikujibu ulichouliza. Mara ya mwisho mimi nilitoa 50,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi mpya ya gari na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari. Andaa mkataba wa mauziano uliopita kwa wakili, kadi halisi, TIN yako na ya muuzaji. Road license, ile ada ya gari ya kila mwaka, ya miaka yote iliyolala isikutishe, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na madeni ya nyuma yakasamehewa.

Mtoto wa Dereva
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Mzee wangu alikuwa na Peugeot 504 station, anapiga Tanga Dar na abiria wamebanana nyuma na mizigo juu ya keria, barabara mbovu lakini ile gari haikuwahi kumlaza njiani. Watu wanasahau 504 ilichukua Safari Rally 1975 na tena 1978, haikuwa gari ya mchezo. Alipofariki baba wadogo waliiuza kwa bei ya kutupa, mpaka leo nikiona 504 nasogea kuangalia kama ile alama ya pembeni ya mlango ipo. Wewe nunua tu kijana, vitu hivi havirudi.

Fundi Mstaafu
Kijana, kadi ina jina la nani? Na mbona kwenye picha namba umeifunika?

Kijana wa Ubungo
Kadi ipo mkuu, original kabisa, nimetumiwa picha yake haina hata mkunjo. Namba ni zile za zamani za TZ.

Fundi Mstaafu
Sijauliza kama ipo. Nimeuliza jina.

Kijana wa Ubungo
Jina ni la babu yake muuzaji. Mzee alifariki miaka mingi, gari ikabaki nyumbani na huyu mjukuu ndiye anaishi pale anaitunza. Familia yote wameridhia, nimeongea mpaka na shangazi yake. Na kabla hamjaanza kunisema, kishika uchumba nimeshatuma, milioni 3, kwa sababu kulikuwa na mteja wa Moshi anakuja na hela mkononi na asingenisubiri mimi nimalize kuuliza maswali. Mngekuwa nyie mngefanya hivyohivyo.

Mwanasheria wa Kata
Marehemu hauzi gari. Mjukuu hata akilala humo ndani ya gari hana mamlaka ya kusaini mkataba na wewe. Utaratibu ni huu, ukoo unakaa kikao unapendekeza msimamizi, wanachukua muhtasari wa kikao na cheti cha kifo wanafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, akiteuliwa anapewa Fomu namba 4, huyo ndiye anayeuza na jina lake ndilo linakaa kwenye mkataba wako. Bila hiyo unanunua kesi. Shangazi mmoja kuridhia kwenye simu siyo familia, siku gari ikianza kung'aa watatokea wajomba hujawahi kuwasikia.

Kijana wa Ubungo
Nimekuelewa mkuu lakini si wakiandika barua kwa mtendaji wa kijiji na mashahidi wakasaini inatosha? Jirani yangu hapa alifanya hivyo kwenye pikipiki na anaendesha mpaka leo.

Mwanasheria wa Kata
Anaendesha, ndiyo. Muulize kadi ina jina la nani.

Fundi Mstaafu
Na jambo lingine. Namba za TZ ni za kabla ya hizi za T zenye herufi tatu nyuma, maana yake gari haikuwahi kubadilishiwa usajili kuja namba za sasa. Usitegemee kuikuta kwenye mfumo wa sasa wa TRA, watatafuta faili la zamani na watataka ukaguzi, namba za chasisi, ile fremu ya chini, na injini zisome sawasawa na kadi. Unayo namba ya chasisi?

Jicho la Tatu
Samahani wakuu mimi naona tunakunywa chai hapa. ID ni mpya, picha namba imefunikwa, babu marehemu, mteja wa Moshi mwenye hela mkononi, shangazi wa kwenye simu. Halafu Same gani ina majani mabichi hivyo nyuma ya gari? Weka namba ya chasisi tuone.

Binti Mpare
Same siyo tambarare ile unayoiona ukiwa kwenye basi. Panda Milima ya Upare uone majani.

Kijana wa Ubungo
Sina muda wa kutunga stori na milioni 3 yangu ipo kwa mtu. Namba nimepigiwa picha chini kwenye chuma kabisa, inaanzia SALL, nyingine siweki hadharani.

Jicho la Tatu
Haya sasa. 109 ya 1976 namba yake ni tarakimu 8 zinaanzia na 9 na herufi moja mwishoni. SAL ni namba ndefu za kuanzia miaka ya 80. Sukari imezidi kwenye hiyo chai.

Mama Junior
Jamani na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Fundi Mstaafu
Jicho la Tatu namba uko sahihi ila haina maana kijana ametunga. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, inakaa, chasisi ni chuma, inaliwa na kutu, hasa gari ikifanya kazi mashamba ya mkonge. Nimeona nyingi tu zimehamishiwa chasisi ya gari nyingine, bodi ya 76 imekaa juu ya chasisi ya 82, kadi inabaki ileile ya zamani. Kijana, mpigie muuzaji umuulize, chasisi ilibadilishwa? Na ile iliyowekwa ilitoka gari gani?

Kijana wa Ubungo
Nimempigia. Anasema ndiyo, babu aliibadilisha Moshi, ilinunuliwa kwa fundi, karatasi hajui. Lakini ni kitu kizuri si ndiyo, maana chasisi ni mpya zaidi?

Mwanasheria wa Kata
Kwa barabarani ni kizuri. Kwa usajili una kadi ya chasisi ambayo haipo na chasisi ambayo haina kadi. Kama ile nyingine iliibiwa unaenda kueleza polisi wewe, babu hayupo.

Kijana wa Ubungo
Sawa wakuu. Milioni 6 iliyobaki sitoi mpaka waje na Fomu namba 4 na risiti ya hiyo chasisi au jina la huyo fundi. Ila gari siliachi. Jumamosi napanda kwenda kuiona.

Fundi Mstaafu
Beba brashi ya waya na tochi. Mbele kulia, pale springi inaposhikia, ndipo namba ilipopigwa. Sugua mpaka uone chuma, angalia kama kuna dalili ya kuchomelewa au kusagwa, halafu nitumie picha inbox kabla hujatoa hata mia.

Binti Mpare
Na ukirudi pitia Mamba Miamba, tangawizi huko bei nzuri.