Ukiiweka Dar pembeni, mji gani una mbele zaidi? Mimi nasema Kahama

Wakuu, mjadala huu kila ukianza unaishia kwa kila mtu kutetea kwao. Leo tujaribu kwenda kwa hoja. Tuchukue miji ya Tanzania yenye ukubwa wa kati, ile ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu kati ya laki tatu na nusu na laki nane. Ni upi utakaokuwa umefika mbali kuliko mingine miaka ishirini ijayo?

Dar haimo. Mwanza nayo naitoa, maana Nyamagana na Ilemela ukizijumlisha zimeshapita milioni, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 foleni ya kivuko imekuwa hadithi. Ile ni ligi nyingine. Wanaobaki kwenye meza ni Dodoma, Arusha, Mbeya, Morogoro, Kahama, Tanga na Geita.

Kipimo changu ni kimoja tu: katika mali inayopita mjini, kiasi gani kinabaki palepale? Wengi mnapima kwa miradi. Mradi mkubwa ukitangazwa, mji unapandishwa daraja siku hiyohiyo na madalali wanaanza kupiga simu. Anayeikumbuka Mtwara ya 2012 atanielewa. Viwanja vilipanda bei, nyumba za wageni zikaota kila kona, kila mwenye rafiki benki akataka kipande cha ardhi. Sababu ilikuwa gesi. Likaja bomba la kuipeleka Dar, wananchi wakaandamana wakisema "gesi haitoki", na gesi ikatoka. Kilichokuja kuibeba Mtwara ni saruji na korosho, hasa baada ya mzigo wa korosho kuelekezwa upite kwenye bandari yake. Korosho ambayo ilikuwepo kabla ya gesi!

Sasa Kahama. Sensa ya 2012 ilihesabu watu laki mbili na elfu arobaini na ushee. Ya 2022 imekuta 453,654. Shinyanga Manispaa, ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa, ina 214,744. Yaani mtoto amemzidi mzazi zaidi ya mara mbili, na bado anakwenda kwa mzazi kuomba saini. Kahama hakuna ofisi ya mkuu wa mkoa wala wizara iliyohamishiwa pale. Hadhi yenyewe ya manispaa imekuja 2021, watu wakiwa wameshajaa.

Najua jibu litakalokuja: "Ile ni dhahabu tu, ikiisha watu wataondoka." Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Buzwagi, mgodi ulioanza uzalishaji 2009 pembezoni mwa mji wenyewe, ulifungwa 2021. Mgodi mkubwa ukifungwa pua na mdomo na mji, tulitarajia fremu tupu na nyumba zisizo na wapangaji. Sensa ilipopita mwaka uliofuata ikakuta idadi niliyoitaja hapo juu. Mgodi wa Bulyanhulu bado upo, wachimbaji wadogo bado wapo, lakini hao peke yao hawaelezi watu laki nne na nusu.

Kinachoeleza ni mpunga. Nenda Kagongwa msimu wa mavuno, pale barabarani kabla hujaingia Kahama mjini. Mpunga unafika kwa Fuso na matrekta kutoka wilaya za jirani. Mwenye mzigo anashusha, analipia kukoboa, na bei ikiwa mbaya anaacha magunia yake ghalani hapohapo anasubiri. Mchele unapita kwenye mashine ya kugredi, daraja la kwanza linakwenda upande wake, chenga upande wake. Pumba haitupwi, ina wateja. Mnunuzi kutoka Rwanda, Uganda au Kongo anakuja na lori na anapakia mchele, hapakii mpunga. Hesabu mikono inayolipwa kati ya gunia kushuka na gunia kupanda: wabeba mizigo, wenye mashine, mafundi wa mashine, washona magunia, madalali, mama lishe, walinzi wa ghala. Hakuna waziri aliyekata utepe wa kitu hicho chote, kimejipanga chenyewe.

Halafu kuna barabara. Lori la Kigali au Bujumbura likitoka Dar linapita pale, na bandari kavu ya Isaka iko jirani. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka ikikamilika itakuwa nyongeza. Hicho kiwanda cha kusafisha nikeli kinachosemwa kitawekwa Buzwagi mimi sikihesabu kabisa. Kikianza kuajiri tutakihesabu.

Tanga. Hapa najua nitatukanwa. Sikatai kazi iliyofanyika bandarini: kina kimetoka mita 3 hadi 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450, zaidi ya shilingi bilioni 429. Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa kwa matishari, ukashikwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Hilo limekwisha, na ni jambo kubwa. Ila mnaponiletea bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapohapo Tanga, kilomita 1,443, narudi kwenye kipimo changu. Mafuta ghafi yanafika, yanakaa kwenye matangi, yanapanda meli. Hata kazi ya kuyapaka mabomba kinga ilifanyika Sojo, mkoani Tabora. Ujenzi ukiisha, tangi linalindwa na watu wangapi?

Na Tanga ina historia inayopaswa kututia adabu. Sensa ya 1967 iliipa nafasi ya pili Tanzania Bara, nyuma ya Dar tu, ikiwa na watu 61,058. Mkonge ndio ulioifikisha hapo. Kamba za nailoni zilipoingia sokoni bei ikaanguka, mashamba yakadorora, na viwanda vilivyokuja baadaye, cha mbolea na cha chuma, navyo vikafunga milango. Mji uliosimama kwa mguu mmoja ulikaa chini karibu miaka arobaini. Dawa ya Tanga naiona Muheza zaidi kuliko Chongoleani. Machungwa ya kule yanauzwa yakiwa bado mtini, yanapakiwa mabichi, yanakwenda Dar, au Kenya kupitia mpaka wa Horohoro. Siku machungwa hayo yakianza kukamuliwa na kufungashwa Tanga mjini, mimi mwenyewe nitabadilisha kura.

Mbeya naipa nafasi ya pili, tena kwa kusitasita, maana huenda ndiyo inayostahili ya kwanza. Ina mchele wa Kyela na Usangu, viazi, parachichi na chai ya Rungwe, reli ya TAZARA, uwanja wa ndege wa Songwe, viwanda vya saruji na bia, na vyuo ambavyo Kahama haina. Kinachoiangusha ni mambo mawili. Viazi vinaondoka vikiwa kwenye lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na udongo wake juu. Pili, jiji limebanwa na milima, malori ya Zambia na Kongo yanagombania barabara ileile na daladala za Uyole na Mbalizi. Njia nne zinazojengwa zikikamilika, Kahama ijiangalie.

Dodoma itakua, hilo halina ubishi: watu 765,179, SGR tangu 2024, mji wa serikali wa Mtumba, na uwanja wa ndege wa Msalato. Lakini ni mji wa mishahara. Mshahara ukichelewa, sokoni wanajua kabla ya Hazina kutangaza. Na treni hiyohiyo inayomleta mtumishi Jumatatu inamrudisha kwa familia yake Dar Ijumaa jioni na pesa yake mfukoni. Mchuzi wa zabibu, ule unaotengenezewa mvinyo, ungeweza kuwa mpunga wao, ila bado mkulima analalamika kukosa mnunuzi.

Arusha ina utalii, na utalii tuliuona 2020 ulivyoweza kuzimika ndani ya wiki chache. Morogoro sijaielewa: ardhi, maji, reli, chuo cha Sokoine, vyote inavyo, na bado inaishi kama kituo cha kuchimba dawa kati ya Dar na Dodoma. Mwenye maelezo anipe. Geita inafuata njia ya Kahama kwa dhahabu, lakini biashara ya mazao haijafikia kiwango hicho.

Kahama ina madhaifu, na wenyeji msinikasirikie: ujenzi umetangulia ramani, mitaa mingi haina mifereji, na kijana akitaka chuo kikuu chenye jina lazima asafiri. Kilio cha kufanywa mkoa ni cha muda mrefu. Binafsi ningeomba mifereji na vyuo kwanza, kwa sababu ofisi ya mkoa italeta mishahara, na hiyo tumeshaiona Dodoma.

Haya, watu wa Tanga na Mbeya, uwanja ni wenu. Ila nawaomba mniletee bidhaa moja inayoingia mjini kwenu ikiwa ghafi na kutoka ikiwa imeshalisha watu, msiniletee orodha ya miradi.