Ngoma na watoto kucheza kwenye Misa: furaha ya Roho au maonyesho?

Mwanakwaya wa Cheyo: Halmashauri ya walei parokiani kwetu hapa Tabora inataka ngoma na manyanga viondoke kwenye Misa, na watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu wasicheze tena wakati wa wimbo wa Utukufu. Eti ibada inageuka maonyesho. Napinga. Mtu aliyesamehewa anakaaje kama yuko msibani? Zaburi 150: "Msifuni kwa matari na kucheza." Semeni.

Mzee wa Ipuli: Furaha ya rohoni haihitaji kiuno. Watu wanatoa simu kurekodi, Ekaristi imesahaulika. Na huku kukata mauno mbele ya altare mmekutoa kwaya za Kigoma.

Binti Ujiji: Shikamoo mzee. Kigoma imeingiaje hapa? Tunacheza kwa heshima, na imani tumewatangulia. Wamisionari Wakatoliki, White Fathers, walifika Ujiji Januari 1879, nyie kituo mlikuja kukipata baadaye.

Mzee wa Ipuli: Marahaba. Kutoka Bagamoyo walipita wapi, angani? Walifika Tabora 1878 ndipo wakaja kwenu.

Binti Ujiji: Kupita si kukaa! Treni ya Kigoma nayo inapita Tabora, mtasema ni yenu?

Mwanakwaya wa Cheyo: Jamani, nimeuliza ngoma! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya liturujia ya 1963, ulisema muziki wa asili wa watu upewe nafasi yake. Pale Bujora, Mwanza, Padre David Clement alijenga kanisa mfano wa nyumba za Kisukuma. Hayo nayo maonyesho?

Mzee wa Ipuli: Hati hiyo hiyo inataka kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana. Mbona umeruka?

Kijana wa Gungu: Asalaam aleikum. Mimi Mwislamu. Kwenye Maulidi dufu likilia na Mtume akitajwa, watu wazima wanatokwa machozi. Na kwetu wapo wanaosema ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Wananiumiza sana.

Mama Malolo: Pole mwanangu. Mimi kinachoniuma ni sare. Kila sikukuu kitenge kipya; mzazi akikosa hela, mwanawe anakaa benchi la nyuma analia wenzake wakicheza. Hiyo ndiyo furaha ya Roho?

Mzee wa Ipuli: Umeona, mwanakwaya?

Mwanakwaya wa Cheyo: Sare si ngoma, mzee! Wacheze na nguo za shule, nani kawakataza?

Binti Ujiji: Kwetu ni kitenge kimoja mwaka mzima, na asiyenacho anacheza hivyo hivyo. Njooni mjifunze Kigoma.