Tupeane uzoefu: msamaha wa Rais, rufaa ya aliyefungwa bila kosa, na kura ya mfungwa (Tanga)

Mkaa Chumbageni
Asalaam aleykum wana Tanga, na wa Bagamoyo mnaopitia humu. Kila ikikaribia Aprili 26 au Desemba 9 maswali ni yale yale. Ndugu yetu yuko gereza la Maweni, hakutenda, je, msamaha wa Rais utamtoa? Akitoka, kura anayo au ndiyo imekwenda? Humu tuna mawakili, wastaafu wa Magereza, makarani na wasaidizi wa kisheria. Kila mtu aweke anachokijua kutokana na kazi yake: hatua, siku, karatasi, na mahali watu wanapokwama. Kesi za majirani kwa majina hapana. Siasa za vyama zina nyuzi zake.

Wakili wa Ngamiani
Waalaykum salaam. Niweke kwanza jambo linalowachanganya wengi.

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya aina nne: kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, kumwachilia asitumikie adhabu, moja kwa moja au kwa muda fulani, kubadilisha adhabu iwe nafuu, na kufuta adhabu yote au sehemu yake. Zipitie zote, hutakuta mahali Rais anapotamka kwamba mahakama ilikosea. Hilo linatamkwa na mahakama ya juu tu.

Mfano ambao hauna asiyeujua ni mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza. Kifungo cha maisha 2004. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia vijana wengine wawili wa Nguza, yeye na Johnson wakabaki ndani. Wakaomba mapitio, yaani mahakama ile ile iutazame upya uamuzi wake, yakakataliwa. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli akawasamehe. Wakatoka, lakini ile hukumu ya Mahakama ya Rufani haikufutwa na msamaha. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hapo Arusha, ikasema baadhi ya haki zao katika kesi zilivunjwa. Nayo haikusema kwamba hawakutenda. Hayo ni mambo matatu yasiyofanana, na aliye gerezani achague analitaka lipi.

Ushauri wangu kwa anayedai hakutenda: rufaa kwanza, msamaha uje kama ziada. Wapo wanaoacha rufaa ilale wakingoja Desemba, siku zinapita, na kumbe kosa lao halimo hata kwenye aina zinazosamehewa.

Mstaafu wa Magereza
Wakili kasema kweli. Mimi nieleze msamaha wa jumla unavyokwenda, maana huku nje unasimuliwa kama bahati nasibu.

Tangazo la Rais huja na vigezo. Kwa kawaida wengi hupunguziwa sehemu ya kifungo, mara nyingi robo, mbali na lile punguzo la theluthi moja ambalo Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye mwenendo mzuri. Hapo ndipo familia zinapokosea hesabu. Mtu wa miaka sita, yaani miezi 72, kwa theluthi peke yake anatoka baada ya miezi 48. Punguzo la Rais linakuja juu ya hapo. Msikokotoe wenyewe nyumbani mkaanza kupika pilau. Muulize mkuu wa gereza tarehe mpya ya kutoka, imo kwenye kumbukumbu zao.

Kuna makundi yanayotajwa peke yake: wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa walio katika hatua mbaya, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye ulemavu. Ugonjwa na ulemavu huthibitishwa na jopo la madaktari chini ya mganga mkuu wa mkoa au wilaya. Cheti cha zahanati ya mtaani hakifui dafu. Kama mfungwa anatibiwa Bombo, hakikisheni faili la hospitali lina jina lile lile lililo kwenye hati ya kifungo.

Wanaoachwa nje karibu kila mwaka ni wa dawa za kulevya, unyang'anyi wa kutumia silaha, ubakaji na makosa dhidi ya watoto, rushwa, waliowahi kutoroka, na walio kwenye parole, yaani walioachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kwisha. Orodha hubadilika, hivyo someni tangazo la mwaka huo, si la mwaka jana.

Idadi nayo inapotosha. Mwaka 2017 walionufaika walitangazwa 8,157, waliotoka siku ile ni 1,828. Waliobaki walipunguziwa muda tu. Jina likiwamo haina maana mkampokee getini kesho.

Na orodha inaandaliwa magereza kwa vigezo. Anayeomba hela ili amwingize mtu wenu ni tapeli, hata kama kavaa kombati.

Wakili wa Ngamiani
Afande, umegusia parole, niongeze kidogo. Hiyo ni njia nyingine kabisa, ya Bodi za Parole: kifungo cha miaka minne au zaidi, na awe ametumikia theluthi. Wa kifungo cha maisha na wa makosa mazito kama unyang'anyi wa silaha hawamo.

Kuhusu maombi binafsi kwa Rais, yasiyongoja sikukuu: ni barua, haina ada, na haina siku ya mwisho. Inapitia kwa mkuu wa gereza na kupanda ngazi. Kurasa mbili zinatosha. Weka jina kamili na namba ya mfungwa, namba ya kesi na mahakama, kosa, tarehe ya hukumu, adhabu, rufaa zote na matokeo yake, kisha sababu. Ambatisha nakala za hukumu. Kinachoziua barua hizi ni kujaza kurasa kumi za kulaani hakimu. Anayeisoma hana mamlaka ya kusikiliza ushahidi upya. Mpe kitu anachoweza kukifanyia kazi, kama afya, umri, urefu wa muda uliotumikiwa, au jambo jipya lililojulikana baada ya rufaa zote kwisha.

Bi Karani
Naomba niandike siku za rufaa, kwa sababu hapa ndipo wasio na hatia wanapopotelea.

Kesi ikianzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Ikianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, inakwenda Mahakama Kuu, kwetu ni Kanda ya Tanga. Notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu za kesi) na hukumu hauhesabiwi kwenye hizo 45, lakini kwenye zile 10 hakuna cha kungoja nakala. Mfungwa atoe notisi siku ile ile anayofikishwa gerezani, aweke sahihi au dole gumba, na ipokelewe na ofisi ya gereza.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni ndani ya siku 30. Mahakama hiyo huja Tanga kwa vikao, kwa hiyo rufaa ikishasajiliwa subira inahitajika. Baada ya hapo hakuna rufaa nyingine, kuna mapitio tu, ndani ya siku 60, na sababu zake ni finyu: kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu lililoleta dhuluma, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. "Hawakuniamini" haimo.

Siku zikipita, mnaomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo. Kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Kama karatasi ilikwama gerezani, kiapo cha mfungwa peke yake ni dhaifu. Muombeni afisa wa gereza naye aape. Barua ya kuomba nakala ya mwenendo muitunze ikiwa na mhuri wa mapokezi. Mhuri ule umeokoa rufaa nyingi kuliko maneno.

Mnaponukuu vifungu, angalieni toleo. Marejeo ya sheria ya 2023 yamebadilisha namba nyingi, na namba mliyozoea inaweza kukupelekeni kwenye kifungu cha jambo jingine.

Msaidizi wa Kisheria, Muheza
Shukrani dada Karani. Sasa, ndani ya rufaa kuna nini? Kulia kwamba "sikutenda" hakusaidii, kwa kuwa majaji hawakumwona shahidi. Wanachoweza kukiona ni karatasi, hivyo tafuteni kasoro kwenye karatasi. Zinazoangusha kesi mara kwa mara ni hizi.

Utambuzi wa usiku. Tangu Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), shahidi aeleze alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, alimtazama kwa muda gani, na kama alimjua kabla. "Nilimtambua kwa mwanga wa taa" bila maelezo zaidi ni ushahidi dhaifu mno. Angalieni pia kama shahidi alimtaja mtuhumiwa mapema. Aliyemjua halafu akanyamaza siku kadhaa anatia shaka.

Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa. Polisi wana saa nne za msingi za kuhoji tangu mtu anapokuwa chini ya ulinzi, mpaka ziongezwe kisheria. Hapa vijana wanakimbilia hesabu vibaya: muda wa safari hauhesabiwi. Aliyekamatwa porini Kilindi akasafirishwa hadi mjini, saa za njiani zinatolewa. Linganisheni saa ya kukamatwa na saa iliyoandikwa juu ya maelezo.

Vielelezo. Kilichokamatwa kiwe na mnyororo wa makabidhiano, nani alimpa nani na lini. Kesi ya Paulo Maduka ndiyo inayotajwa kila siku. Na hati ikishapokelewa mahakamani lazima isomwe kwa sauti. Isiposomwa, kwa msimamo wa Robinson Mwanjisi, inaondolewa kwenye kumbukumbu. Kuna kesi ambazo hati hiyo ikitoka hazibaki na kitu.

Kukiri kosa. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote. Anayekiri "ili yaishe" hufungiwa rufaa juu ya hatia, anabaki kulalamikia adhabu. Mlango uliopo ni mwembamba: kukiri kulikuwa na utata, hakuelewa shtaka, shtaka halikuonyesha kosa, au maelezo aliyosomewa hayakukamilisha kosa.

Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinasomwa bure TanzLII, mtandaoni. Kwa asiye na uwezo wa wakili ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Mpwa wa Pangani
Wakuu, na kura? Mjomba alitumikia miaka mitatu, ametoka. Mtaani wanamwambia hana haki tena.

Wakili wa Ngamiani
Mpwa, mwambie mjomba kura yake ipo. Kizuizi cha sheria kinamhusu mtu *anayetumikia* adhabu. Akishamaliza, au akisamehewa akatoka, hana tofauti na wewe kwenye daftari la wapiga kura. Watu wamechukua habari za Marekani, ambako majimbo mengine humfuata mtu hata baada ya kutoka, wakadhani ndiyo sheria yetu. Florida wapiga kura walirudisha haki hiyo 2018, mwaka uliofuata bunge la jimbo likataka kwanza mtu alipe faini na gharama zote za hukumu. Kwetu hakuna kitu kama hicho.

Walio ndani ndio wenye habari ndefu. Ibara ya 5 ya Katiba inaruhusu Bunge kumzuia mtu aliyetiwa hatiani kwa "makosa fulani" ya jinai. Sheria ya zamani ya uchaguzi ilimzuia kila mwenye kifungo kinachozidi miezi sita, kosa liwe lolote. Desemba 2022, kwenye kesi ya Tito Magoti na John Tulla, Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sheria mpya ya 2024 ikarudi na kipimo cha miezi sita. Maoni yangu, hoja ya "makosa fulani" bado haijajibiwa.

Lakini kuna hatua. Katika uboreshaji wa daftari wa 2024 na 2025, Tume ya Uchaguzi ilipanga vituo 130 magerezani Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo (ndiyo magereza ya huko) Zanzibar, kwa mahabusu na wenye kifungo cha chini ya miezi sita. Mahabusu hajahukumiwa, msisahau.

Mstaafu wa Magereza
Miezi sita ni ile iliyotamkwa na hakimu, si anayobaki kutumikia. Mwenye miezi tisa hata akipata theluthi yake akatumikia sita, hamo. Na aliyepewa "faini au jela miezi minane" akilipa faini, hatumikii kifungo.

Shemeji wa Horohoro
Ng'ambo ya mpaka wametangulia. Wafungwa wa Kenya walipiga kura kwenye kura ya maoni ya Katiba 2010, kesi iliyofungua njia ikihusu waliokuwa Shimo la Tewa, Mombasa. Na Katiba yao, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyemaliza rufaa zote kuomba kesi isikilizwe upya akipata ushahidi mpya na mzito. Hilo ndilo ninalowaonea wivu.

Wakili wa Ngamiani
Wivu halali, shemeji. Sisi ushahidi mpya unahangaika kupenya kwenye mapitio. Arusha nako mlango umebanwa: Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua kesi Mahakama ya Afrika, na kuondoa huko kulianza kufanya kazi Novemba 22, 2020.

Mpwa wa Pangani
Fidia je, kwa aliyeachiwa na rufaa?

Wakili wa Ngamiani
Hailipwi moja kwa moja. Anafungua madai ya kushtakiwa kwa hila, na athibitishe kwamba mdaiwa ndiye aliyemshtaki, kesi iliisha kwa upande wake, hakukuwa na sababu ya msingi, kulikuwa na nia mbaya, na amepata hasara. Nia mbaya ndiyo inayowashinda wengi, maana kushinda rufaa peke yake hakuithibitishi. Ukiishitaki Serikali, notisi ya siku 90 kwanza. Na aliyetoka kwa msamaha hawezi kusema kesi iliisha kwa upande wake, ndiyo maana nilisema rufaa isiachwe.

Mkaa Chumbageni
Akitoka kwa msamaha huku rufaa ingali mahakamani?

Bi Karani
Aandike kwa msajili siku hiyo hiyo kubadilisha anuani na namba ya simu. La sivyo wito utapelekwa gerezani, utarudi umeandikwa "ameachiliwa", na siku ya kusikilizwa hayupo.

Na mjomba wa Pangani, kabla ya uandikishaji, alinganishe majina. Hati ya mashtaka humwandika mtu kama polisi alivyosikia: Mwanaidi anakuwa Mwanahidi, Bakari Shekue anakuwa Bakari Shekuwe. Kama kitambulisho cha NIDA kina jina moja na karatasi za kutoka gerezani zina jingine, aape kiapo cha majina mapema. Kwa aliyekuwamo daftarini ila kadi imepotea, Tume imewahi kuruhusu pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA siku ya kupiga kura, kwa sharti majina yafanane na ya daftarini herufi kwa herufi.