Sinema za ngumi za Thailand: tunashangilia ufundi au watu wakiumia?

Kisukusuku: Wakuu, filamu ya Ong-Bak ya 2003 ilitamba kwa kutotumia kamba za kuwarusha wachezaji wala picha za kompyuta. Steringi Tony Jaa anaruka kweli, kiwiko kinatua utosini kweli. Lakini mwisho wa Chocolate (2008) wanaonyesha wachezaji walivyoumia wakati wa kurekodi, na yule binti steringi, JeeJa, naye yumo. Raha ikaniisha. Hii ni haki?

Makorora Girl: Kaka, ngumi si kitchen party. Ule ni muay boran, ufundi wa zamani wa kupigana, na tukio wanalirudia kwa pembe mbili tatu usije ukasema wamekuchezea akili. Tatizo ni hadithi. Kichwa cha sanamu ya Buddha kimeibwa, haya twende Bangkok tukapigane. Kwenye Tom-Yum-Goong tembo kaibwa, haya Sydney. Ndiyo maana wapenzi wake ni wale wa kibanda umiza, mpaka DJ awatafsirie.

Kichwa Ngumu: Kibanda umiza kimekukosea nini dada? Tumekaa kwenye mabenchi yale, jasho linatutiririka, DJ Lufufu anatuambia steringi kakasirika, na tukaelewa kuliko nyie wa kusoma maandishi ya chini.

Mwana wa Eastlands: Lufufu sawa, lakini DJ Afro hana mpinzani. Jamaa akiwasha miguu moto halafu apige teke, bila DJ Afro hiyo ni stima imepotea tu.

Kichwa Ngumu: Wakenya mshaanza. DJ Afro anaongea hata pale steringi amelala.

Makorora Girl: Sijatukana mtu. Nimesema hadithi ni nyepesi. Ukijihisi, shauri yako.

Babu Reli: Nyepesi kwa nani? Panna Rittikrai aliyemfundisha Jaa alikuwa mtu wa Isan, mikoani, akitengeneza filamu za bajeti ya kuokoteza na vijana wake mwenyewe. Hela ya madoido aitoe wapi? Alikuwa na miili tu. Ile ya tembo, Jaa anapanda ghorofa za mgahawa anapiga watu dakika kama kumi, kamera haijakatwa.

Kisukusuku: Ni dakika nne hivi, mzee. Na hao vijana wa miili tu, nani alilipa hospitali?

Mwana wa Eastlands: Babu Reli, hiyo ya ngazi DJ Afro aliifanya? Nani ako nayo?

Kichwa Ngumu: Njoo uchukue ya Lufufu, uache ushamba.