Pikipiki imekaa stoo miaka mingi, betri imekufa kabisa. Ninunue mpya au kuna cha kuangalia kwanza? (Mbeya)

Kijana wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Baba mdogo alikuwa bwana shamba zamani huko Makete, kastaafu na kanipa pikipiki yake, Honda 125 ya kiki tu, haina stata. Imekaa kwenye stoo ya viazi Isyonje miaka mingi haijaguswa, nimeishusha juzi na Fuso mpaka hapa Uyole. Mwili uko vizuri, kutu kidogo kwenye ekzosi na rimu. Sasa nikifungua swichi hakuna taa ya nyutro wala honi wala indiketa, kimya. Nikipiga kiki sana inashika kidogo halafu inazima, nikivuta choki inashika tena inazima. Kijana mmoja wa bodaboda hapa kijiweni kaniambia ni betri tu, ninunue mpya niifunge itawaka. Nataka niwe naenda nayo Inyala na kurudi, mara nyingi usiku umeshaingia, kwaiyo taa na indiketa lazima zifanye kazi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela, na kama kuna mtu anajua betri ya size gani maana maandishi ya juu yamefutika yote. Natanguliza shukrani.

Fundi Soweto
Mkuu karibu. Usinunue betri kwanza. Hapo una matatizo mawili na huyo kijana kakuchanganyia.

Hizo Honda za kiki za muundo huo moto wa plagi hautoki kwenye betri, unatoka kwenye koili iliyoko kule kwenye magneto, injini ikizunguka inajitengenezea umeme wake. Ndo maana unaona mtu anatembea na pikipiki ya hivo haina betri kabisa na inawaka kwa kiki. Betri kazi yake ni honi, indiketa, taa ya breki na ya nyutro. Taa kubwa ya mbele kwenye nyingi inatoka kwenye magneto moja kwa moja, utaiona inafifia ukipunguza mafuta na kuongezeka ukivuta. Kwaiyo hiyo kuwaka na kuzima sio betri. Hayo ni mafuta. Petroli ikikaa muda mrefu inageuka kama gundi nyepesi, inaziba ile jeti ndogo ya sailensi kwenye kabureta (kitundu kinachopitisha mafuta injini ikiwa imetulia haijavutwa), na choki inaisaidia kidogo ndo maana inashika halafu inakata.

Mwaga mafuta yote ya tenki, usiyachanganye na mapya. Angalia ndani ya tenki na tochi ya LED (sio kibiriti wala mshumaa jamani), kama kuna kutu linahitaji kuoshwa. Fungua kikombe cha chini cha kabureta, toa jeti zote mbili, loweka, pulizia upepo wa kompresa, usichokonoe na sindano maana ukiipanua tundu ndo umeiharibu. Plagi mpya, oili mpya, hiyo ya zamani usiiwashie hata kidogo. Halafu sasa ndo uje kwenye betri. Ila usiidharau, kwa mtu wa kutembea usiku barabara ya Uyole kwenda Inyala na yale malori ya Tunduma, taa ya breki na indiketa ndo roho yako hiyo.

Mbena wa Makambako
Fundi kamaliza upande wa injini, mi naongezea size maana hapo watu wengi wanaumia.

Kwanza jua ni volti 6 au 12. Hizo za zamani zipo za volti 6, baadae zikaja za 12, na ukifunga betri ya 12 kwenye pikipiki ya volti 6 unaunguza balbu na honi siku iyo iyo. Maandishi yakifutika usibahatishe, hesabu vifuniko vya juu vya kuwekea maji: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12, maana kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Kama hata betri ya zamani haipo, chomoa balbu ya indiketa usome kitako chake, imeandikwa volti na wati.

Pili pima kitako cha betri kwa rula urefu upana na kimo. Sehemu ya kukaa betri kwenye hizi pikipiki ni finyu, betri ikiwa refu kidogo kiti kinagusa vichwa vya betri vinapofungwa waya, siku umepakia mtu inapiga shoti. Na angalia chanya iko kulia au kushoto, zipo betri za size moja zinazotofautiana upande tu na waya wako haufiki, halafu fundi anaanza kuunga waya. Ah yake (ampea-saa, yaani uwezo wa betri kutunza umeme) nyingi za namna hiyo ni 5 au 7. Ya 7 ikienea sio tatizo, ila sio lazima.

Tatu, tarehe. Betri iliyokaa dukani imeshajazwa asidi muda mrefu bila kuchajiwa nayo inakufa kama yako ilivyokufa ghalani. Bora ununue kavu, asidi pembeni, mjaze wenyewe.

Dada Spea Ipogolo
Kamwene. Nauza spea Iringa, hili la betri nalijibu kila siku dukani na bado watu wanafunga wakiwa na haraka.

Betri mpya ya maji ukiijaza asidi na kuifunga hapo hapo inafanya kazi ndio, lakini haijajaa, na ikianza maisha haijajaa haitakaa ijae vizuri tena. Jaza asidi mpaka mstari wa juu, iache itulie nusu saa au zaidi, asidi itashuka kwa sababu sahani za ndani ya betri zinainywa, ongeza tena mpaka mstari. Kisha chaji ya taratibu, kanuni ni sehemu moja ya kumi ya Ah, kwa hiyo betri ya Ah 5 unachaji kwa nusu ampea, masaa kadhaa, vifuniko vikiwa vimelegezwa. Usimpe mtu wa kuchaji betri za magari aifunge pamoja na betri za lori, chaja ile ni kubwa inaichemsha betri ndogo mpaka sahani zinapinda. Mwambie kabisa hii ni ya pikipiki.

Baada ya hapo asidi huongezi tena maisha yake yote. Maji yakipungua unaongeza maji yale safi ya betri yanayouzwa kwenye chupa, sio ya bomba wala ya kisimani. Yanayopotea ni maji, asidi inabaki, ukiongeza asidi unaifanya iwe kali kupita kiasi na sahani zinaliwa.

Kuna kimpira chekundu kimeziba kitundu cha pembeni cha betri mpya. KITOE. Hapo ndo unachomeka ule mpira mwembamba wa kupumulia, uuteremshe mpaka chini mbali na cheni na fremu, usibanwe popote. Betri isipopumua inavimba na inaweza kupasuka, na ni asidi ile.

Kufungua, toa hasi kwanza halafu chanya. Kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukifanya hivi spana ikigusa fremu wakati unakaza chanya haipigi shoti. Vile vichwa vya waya vyenye unga mweupe na kijani vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, vitatoa povu, suuza, kausha, ukishafunga paka vaselini. Vaa miwani, na nguo usiyoipenda, asidi inatoboa jinzi.

Kijana wa Uyole
Ndaga fijo wote. Mrejesho. Nimehesabu vifuniko, vipo sita, kwaiyo ni volti 12. Nimepata testa ya jirani, betri inasoma volti 4 na kitu. Nimechungulia ndani maji hakuna kabisa na sahani zimekuwa nyeupe. Kuna jamaa anasema nijaze maji niichaji usiku kucha itafufuka. Kabureta nimefungua, ile jeti ndogo ilikuwa imeziba haipitishi hata mwanga, nimesafisha. Naweza kuijaribu bila betri au nitaharibu kitu?

Fundi Soweto
Hiyo haifufuki mkuu. Ule weupe ni salfeti, betri ikikaa imeisha chaji inajijenga kwenye sahani na ikikauka maji ndo imekuwa jiwe. Ukiichaji itaonyesha volti 12 kwenye testa kisha ukibonyeza honi mara moja inaanguka. Betri nzima iliyojaa na kupumzika masaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikiwa 12 kamili karibu imeisha, hapo bado unaweza kuiokoa kama haijakaa hivo muda mrefu. Ya volti 4, wapi.

Usimwage chochote chake shambani, ile ni risasi na asidi, na watoto wasiichezee. Iweke kwenye ndoo ya plastiki, wanaonunua betri mbovu hawakosekani Mwanjelwa, na maduka mengine wanapokea ya zamani ukinunua mpya, waulize.

Kuijaribu bila betri ruksa, ila funga ule mwisho wa waya wa chanya kwa tepu vizuri usiguse fremu, na zima swichi ya taa, injini ikizunguka sana bila betri umeme unapanda hovyo na balbu zinaungua. Washa tu uone injini inatulia, zima.

Mwalimu Tukuyu
Samahani naingilia, naomba muelewe na hii ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu betri ambayo Dar inafanya kazi vizuri asubuhi inalegea, ukipiga honi inakohoa. Baridi inapunguza nguvu yake. Kama pikipiki itakaa msimu mzima bila kutumika chomoa betri, iweke ndani pakavu, ichaji mara moja kwa mwezi hivi. Ukiiacha imefungwa, inajiisha yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa.

Kijana wa Uyole
Wakuu imewaka!! Kiki ya tatu, sailensi imetulia. Nimenunua betri kavu ya 12V Ah 7, nimeijaza na kuichaji taratibu kama dada alivyosema, kimpira chekundu nimekitoa. Taa ya nyutro, honi, indiketa vyote vinafanya kazi. Ila kuna kitu. Imezimwa inasoma 12.7, nikiwasha na kuvuta mafuta inasoma 12.6, haipandi. Ni sawa?

Fundi Soweto
Sio sawa, na umefanya vizuri sana kupima, wengi wangeondoka hivo na wiki ijayo betri mpya imekufa na wanamlaumu muuza duka. Injini ikivutwa kiasi inatakiwa isome kama 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikipita 15 regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) imekufa na inachemsha maji ya betri. Isipopanda kabisa kama yako, chaji haifiki kwenye betri.

Usikimbilie kununua regyuleta. Imekaa stoo ya viazi, kwaiyo mi nawaza panya. Fuata waya kutoka regyuleta. Honda waya wa kijani ni athi (hasi, unafungwa kwenye fremu) na mwekundu ndo unaenda kwenye chanya. Angalia ule wa kijani unapofungwa kwenye fremu, kwangua kutu paonekane chuma, kaza. Soketi zote zichomoe, kama pini zina ukijani zisafishe. Fyuzi je, nayo ni ile ile au mtu aliweka kipande cha waya? Kama kuna kipande cha waya kitoe leo leo, weka fyuzi ya kweli. Ukimaliza hayo pima tena injini ikiwa inanguruma ulete namba hapa.

Kijana wa Uyole
Kijani kimeliwa kweli, kimebaki nyuzi mbili. Nimeunga kwa kusolda na nimekwangua pale kwenye fremu. Sasa inasoma 14.1 nikivuta. Fyuzi ilikuwa kipande cha waya wa shaba, nimetoa nimeweka ya ampea kama ilivyoandikwa kwenye kasha. Kesho taa ya breki, swichi ya mguu haigusi.

Dada Spea Ipogolo
Hiyo ya mguu mara nyingi ni ile springi ndogo imekatika, ukienda kununua beba ya zamani mkononi.