Tupeane uzoefu: Ni spika za namna gani zinazojaza sebule sauti na kuchangamsha sherehe ya nyumbani?

Ndugu wadau, salaam. Anayekwenda kutafuta spika leo, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, hukutana na maboksi yaliyoandikwa wati kwa maelfu, taa za rangi zinazomemeta, na muuzaji aliyekwisha kufungulia wimbo wenye besi nzito kuliko nyimbo zote alizonazo. Naomba tusimuliane jambo moja tu: spika iliyowahi kukujazia chumba kizima sauti hata wageni wakainuka kucheza, ilikuwa na sifa gani, na uliiweka wapi? Majina ya kampuni hayatatusaidia sana kwa kuwa matoleo hubadilika kila mara. Tutafute sababu.

Naanza mimi, kutoka Morogoro. Sebule yangu ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae. Ninatumia spika mbili za mbao zenye koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika) za inchi 8, zinazoendeshwa na amplifaya ya wati 50 kila upande. Shemeji yangu aliwahi kuleta sabufa yake yenye vispika viwili vidogo, ambayo boksi lake lilitaja wati nyingi mno, tukazisikiliza zote jioni moja kwa nyimbo zilezile. Ya kwake ilitikisa vioo vya kabati, lakini aliyesimama mlango wa jikoni hakusikia mwimbaji anasema nini. Zangu zilisikika vizuri kila pembe. Kilicholeta tofauti hiyo ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti, kipimo ambacho huandikwa kwa desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Zangu ni desibeli 91. Kila desibeli 3 zinapopungua, unahitaji umeme maradufu ili kupata ukubwa uleule wa sauti, kwa hiyo spika ya desibeli 85 itadai wati 4 pale ambapo yangu inatosheka na wati 1. Ajabu ni kwamba namba hiyo, ambayo ndiyo yenye maana, mara nyingi haimo kabisa kwenye boksi.

Mchangiaji wa Mwanza, fundi wa redio:

Ahsante kwa kuanzisha mada, mkuu. Wati za maelfu mnazoziona aghalabu ni PMPO, yaani makadirio ya mlipuko wa kufumba na kufumbua ambao hakuna saketi inayoweza kuudumisha. Tafuteni RMS, ambayo ni nguvu inayotolewa mfululizo. Isipoandikwa, geuzeni spika nyuma na msome kibandiko cha umeme: kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa mfululizo wati 60 za sauti, achilia mbali 5000, kwa sababu sehemu ya umeme huo hupotea kuwa joto.

Jambo la pili linahusu spika zinazoungua. Wateja wengi huniletea twita (kispika cha sauti za juu, nyembamba) iliyokufa baada ya sherehe wakidai kwamba amplifaya ilikuwa kubwa mno. Mara nyingi ninachokuta ni kinyume chake: amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikafikia kikomo chake na kuanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti, hali inayozidisha nishati katika sauti za juu na kuunguza koili nyembamba ya twita. Sauti ikianza kukwaruza, punguzeni hapo hapo, hata kama mshehereshaji anawapigia kelele muongeze. Na wanaopenda kuunganisha spika za ziada wakumbuke kwamba spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu omu 4 itachemka.

Mchangiaji wa Unguja:

Assalaam alaykum. Kwetu sherehe ni taarab, na hapo besi ya kutikisa kifua haina kazi kubwa. Mgeni anataka kusikia maneno ya wimbo, maana mipasho isiyoeleweka haimpati mlengwa. Sauti ya mwimbaji, fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) hukaa zaidi katika masafa ya kati, yaani si besi wala sauti nyembamba, na huko ndiko sabufa nyingi zenye vispika vya inchi 3 zinakokosa mwili, kwa kuwa vispika hivyo havishuki chini vya kutosha na sabufa haipandi juu vya kutosha, hivyo katikati hubaki pengo. Mume wangu na mimi tulipokwenda kununua, tulibeba nyimbo zetu wenyewe kwenye simu, tena faili kamili na si zile zilizobanwa zinazozunguka kwenye makundi ya simu, kwa sababu faili iliyobanwa sana huonyesha ukavu wake mara tu inapopigwa kwenye spika kubwa. Tulimwomba muuzaji azime vikuza besi vyote. Spika iliyobaki tamu bila msaada ndiyo tuliyoichukua.

Wenzangu wa pwani waangalie pia ukingo unaozunguka koni. Ukingo wa sponji huchakaa na kumomonyoka mapema katika unyevu wetu, ilhali wa mpira hudumu. Na tundu la hewa la sabufa ni makao mazuri ya mende, sitaeleza zaidi.

Mchangiaji wa Nairobi:

Mimi ninaishi katika nyumba ya ghorofa, kwa hivyo uzoefu wangu ni wa kujaza chumba bila kumjaza jirani. Niligundua kwamba mahali pa kuweka wufa (spika ya besi) panabadilisha sauti kuliko kubadilisha wufa yenyewe. Wimbi la besi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa takriban mita 7, na likigonga kuta za chumba cha kawaida hurudi na kujikuta lenyewe, ambapo katika sehemu fulani linajiongeza na katika nyingine linajifuta. Ndiyo maana mtu mmoja kwenye kochi hulalamika kwamba besi imezidi na wa pembeni yake hulalamika kwamba haipo. Pembe ya chumba huongeza besi ila huifanya ivume. Njia niliyofundishwa na mwalimu wa kwaya yetu ni kuiweka wufa kwenye kiti ninachokalia, kupiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, halafu kutambaa kandokando ya kuta hadi nipate mahali besi inaposikika sawasawa. Hapo ndipo wufa inapohamishiwa. Watoto walicheka sana, lakini tokeo lilikuwa wazi.

Kuhusu majirani, sauti za juu huzuiwa na ukuta, besi hupita. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo viwango vyake vya makazi hupungua baada ya saa 2 usiku. Kwa hiyo usiku ukiingia ninapunguza besi peke yake na kuzisogeza spika ndogo karibu na wanaocheza, na sherehe haipoi.

Mchangiaji wa Dodoma:

Naomba tutenge sebule na uwanja, maana ubarikio na kipaimara vya huku kwetu huanza ndani na kuishia nje. Ndani, kuta hukurudishia sauti. Nje, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na seti iliyotamba sebuleni huwa kama redio ya mlinzi. Tunachofanya ni kuazima au kukodi spika mbili za inchi 12 au 15 na kuzipandisha kwenye stendi juu ya vichwa vya watu, kwa sababu miili humeza sauti za juu kabla hazijafika nyuma. Spika ya betri inafaa umeme unapokatika, lakini saa zilizoandikwa kwenye boksi huhesabiwa kwa sauti ya wastani. Mkipiga singeli kwa nguvu zote, msizitegemee.

Mwanzisha mada:

Fundi wa Mwanza, je, inafaa kuongeza spika ya pili ya kampuni tofauti kwa Bluetooth badala ya kununua seti mpya?

Mchangiaji wa Mwanza:

Inategemea. Spika mbili za toleo moja zilizotengenezwa ili kuoana zitakwenda pamoja. Za kampuni tofauti kwa kawaida hazikubali kuoana, na hata simu inayoweza kuzipelekea sauti zote mbili haihakikishi kwamba zitaipiga kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila moja huchelewa kwa kiasi chake. Utasikia ngoma ikipigwa mara mbili, na wachezaji watapoteza mapigo. Kama zote zina tundu la waya, nunua waya wa kugawa kutoka kwenye simu, ziweke kwenye kuta zinazokabiliana, na anza na sauti ndogo kwanza ili uzisawazishe kabla wageni hawajafika.