Nimeondolewa kwenye jukwaa la taarab kwa sababu ya dredi zangu: tangu lini kanuni ikapigwa kwa nywele?

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum, na kwa wengine habari za muda huu.

Nimekaa na jambo hili kifuani kwa siku kumi na moja nikidhani hasira itapoa, lakini kila nikiifungua kanuni yangu, kile chombo cha nyuzi cha taarab, kufanya mazoezi inarudi upya, kwa hiyo naliandika kama lilivyo. Mimi ni mpigaji wa kanuni katika kikundi kimoja cha taarab asilia hapa Unguja. Pia nafuga dredi, na zinafika katikati ya mgongo. Mambo hayo mawili yamekaa katika mwili mmoja kwa miaka tisa bila kugombana, na wanaoyagombanisha ni watu wengine.

Tulikuwa na kazi ya harusi katika hoteli moja ya ufukweni. Tulifika saa kumi alasiri, wenzangu wakaanza kupanga viti na vipaza sauti, nami nikaiweka kanuni mapajani nikaanza kuzipanga sauti zake. Kwa asiyeijua kazi hii, kanuni yangu ina nyuzi 78, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na kila uzi unakazwa peke yake kwa ufunguo mdogo hadi zile tatu zisikike kama uzi mmoja. Daraja la nyuzi limekaa juu ya ngozi, na hewa ya baharini huilegeza ngozi ile, kwa hiyo uliyoyapanga nyumbani hayafiki hotelini. Ni kazi ya karibu saa nzima, na hufanywa kwa kuinamisha sikio na kufunga mdomo.

Nilikuwa nimebakiwa na nyuzi chache za chini aliposimama mbele yangu msimamizi wa sherehe. Alinitazama kichwani, akaitazama kanuni, akanitazama tena kichwani, kisha akanipita bila salamu akaenda kwa kiongozi wetu. Nilisikia kila neno. Alisema, "Maalim, sikuambiwa kama yumo kijana wa rasta. Wenye shughuli wametaka taarab ya heshima, na huyu ataharibu picha." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya mtu anayedhani anafanya wema, akaniambia kwamba upande wa pili wa hoteli kuna baa wanakopiga rege kila Jumamosi, na kwamba pengine kule nitajisikia nyumbani zaidi.

Mimi sijawahi kupiga rege katika maisha yangu. Sina chuki nayo, nimeisikiliza kama mnavyoisikiliza, lakini vidole vyangu havijui. Vidole vyangu vinajua bashraf, yaani muziki wa vyombo usio na kuimba, vinajua kumfuata mwimbaji anapokawia kwenye beti na kumngoja, vinajua kupandisha vile vijiwiko vidogo vya chuma vya kubadilisha sauti ya nyuzi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kupiga. Hayo ndiyo niliyoyasomea miaka yote, kwenye chumba cha mwalimu wangu Mji Mkongwe, nikiwa na pete za chuma kwenye vidole vya shahada na risha za kupigia nyuzi zimechomekwa hadi ncha za vidole zikafa ganzi.

Maalim alinyamaza kidogo. Nilimtazama nikijua kwamba atasema neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyenichukua katika kikundi nikiwa tayari na nywele hizi, na hakuwahi kuniuliza habari zake hata siku moja. Akasema, "Mwanangu, leo pumzika. Tutamtumia wa kinanda."

Nilikwenda kukaa ndani ya gari la kikundi na kanuni yangu ikiwa mapajani, nyuzi karibu zote zimekwisha kupangwa. Dirisha lilikuwa wazi. Waliianza bashraf tuliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, iliyo katika maqam, yaani mpangilio wa sauti, unaoitwa rasti, na wanaojua wanajua kwamba sauti ya tatu ya rasti haikai pale inapokaa kwenye kinanda cha kawaida. Iko katikati, chini kidogo ya ile na juu kidogo ya nyingine, na humo katikati ndimo ladha yote ilimo. Fidla zilikwenda mahali pake pa haki, kwa kuwa fidla haina mpaka wa kuizuia. Kinanda kikaenda pengine, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukirekebisha. Sauti mbili zikawa zinakwaruzana kila zikikutana, kutoka mwanzo hadi mwisho, katika sherehe ambayo mtu mmoja aliondolewa ili mambo yapendeze.

Wala sitawadanganya kwamba wageni walilalamika. Hakuna aliyeuliza kanuni iko wapi. Watu walikula, wakasimama kumtunza mwimbaji, wakapiga vigelegele, na picha zikatoka nzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno ya yule msimamizi, kwa sababu linamaanisha kwamba harusi nyingine itakapokuja atafanya vile vile, na Maalim atakubali vile vile, kwa kuwa wameona haikuwagharimu chochote.

Sasa nizungumze na wale wanaosema taarab ina sura yake na lazima sura hiyo ilindwe. Ni sura ipi? Kanuni yenyewe ni mgeni hapa kwetu. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kuipiga, na wakati huo taarab ilikuwa ya kasri na ya lugha ya Kiarabu. Siti binti Saad, aliyekuja kuiimba kwa Kiswahili hadi akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sahani za santuri, alikuwa mwanamke maskini kutoka Fumba aliyetembea akiuza vyungu. Kama angepimwa kwa sura, kwa nasaba au kwa mavazi aliyoingia nayo mjini, angerudishwa Fumba siku ile ile. Na Bi Kidude, aliyetuacha tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa bibi mzee anayevuta sigara hadharani, anapiga ngoma za unyago na kuimba taarab kwa sauti kavu inayokwenda hadi mifupani, na dunia nzima ilimpokea hivyo hivyo alivyo. Watu wale wale wanaoweka picha zake ukutani kwenye hoteli zao ndio wanaoniambia mimi sifanani na taarab.

Na kwa upande wa dredi, Dar es Salaam ina kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Huyo ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefariki mwaka 2010. Alikuwa na dredi zake na alipiga dansi, gitaa za dansi na saksafoni za dansi, na watu walijazana kumsikiliza. Naamini kama angekuja leo kutafuta kazi hotelini angeambiwa naye aende kule kwenye baa ya rege.

Nataka pia kulisema jambo ambalo watu hulisema pembeni. Mtu akiona dredi anaona bangi, anaona uvivu, anaona kijana wa ufukweni anayewafuata watalii. Mimi sivuti kitu chochote, wala sidaiwi na mtu maelezo ya kwa nini nimefuga nywele, lakini hata kama ningekuwa navuta, swali la mpigaji ni je, amekuja kwa wakati, vyombo vyake vimepangwa, anazijua nyimbo, anamsikiliza mwenzake? Nilifika kwa wakati na kanzu yangu ilikuwa imepigwa pasi. Nilikuwa na kofia mfukoni, na laiti ningeombwa kwa adabu kuzifunga nywele na kuvaa kofia kama sare ya kikundi inavyotaka, ningefanya bila neno, kama ninavyofanya kwenye maulidi. Hakuna aliyeomba. Kilichokataliwa hakikuwa mavazi.

Wenzangu wenye nywele kama zangu nao hawajanisaidia. Nikipita Forodhani na mkoba wa kanuni naitwa, "Rasta, toa gitaa," na nikisema si gitaa, ni kanuni, napiga taarab, wanacheka na kuniuliza kama nimewaibia bibi zangu kazi. Mmoja aliniambia kwamba natia aibu. Kwa hiyo huku nafukuzwa kwa kufanana na rege, na kule nachekwa kwa kutofanana nayo, na katikati yupo mtu mmoja anayetaka tu kuachwa apige chombo alichokipenda tangu ana miaka kumi na minne, alipokisikia redioni kwa mara ya kwanza bila hata kuona picha ya anayekipiga.

Kuhusu malipo, nililetewa kwa simu shilingi 40,000, yaani nusu ya mgao wangu, bila maelezo. Nimeuliza maelezo yake na sijajibiwa. Kama ni adhabu, nielezwe kosa. Kama ni sadaka, siihitaji, nataka haki yangu ya kazi niliyoitwa, nikafika, nikajiandaa na kuzuiwa kuifanya.

Viongozi wa vikundi mliomo humu, nawaomba mnijibu bila kuzunguka: mwenye shughuli akimkataa mpigaji wenu kwa sura yake, mnafanya nini? Mnamwambia kwamba kikundi ni hiki na mpigaji ni huyu, au mnamtoa na kutafuta kinanda? Na mnapokubaliana bei, je, mnamweleza mteja nani atakuja, au mnangoja mpigaji aaibishwe mbele ya wenzake saa moja kabla ya kazi?

Nimempigia Maalim mara mbili, hakupokea. Namheshimu na nitaendelea kumheshimu, kwa kuwa mengi ninayoyajua kuhusu kumfuata mwimbaji nimeyapata kwake, lakini neno moja siku ile alikuwa nalo mdomoni na akalimeza. Mazoezi ni Jumanne baada ya Isha. Nitakwenda, na nitakaa mahali pangu pale pale, kushoto kwa fidla.